Bomba Linalosema Hapana

Onyo liliandikwa kwa rangi ya manjano,
pale ambapo hakuna asomaye ila sisi mafundi:
kurasa zisizo na kufuli
hazitaruhusiwa tena kuuliza mtu yuko wapi.
Nililiona Machi. Nikanywa chai. Nikasema bado.

Ukurasa wenyewe ni mdogo,
famasi zinazokesha Bukavu, kutoka Bagira hadi Panzi.
Unabonyeza, simu inataja ulipo,
ukurasa unakuonyesha taa iliyo karibu.
Mugaruka aliuandika kwa majuma matatu,
akaniachia neno la siri kwenye kipande cha boksi la sabuni,
akaenda Lubumbashi kuuza betri za sola.
Kadenasi hakuweka.
Wakati ule kadenasi ilinunuliwa kwa dola,
na dola zetu zilikuwa za mafuta ya jenereta.

Sababu yao siikatai.
Ukurasa usio na kufuli ni barua isiyo na bahasha:
kila mkono unaoipitisha unasoma
kwamba mama fulani, saa nane usiku,
yuko kwenye ngazi za Kadutu, anatafuta dawa.
Katika mji huu, kujua mtu alipo si jambo dogo.
Kuna miaka tulizima simu ili tusipatikane.

Fungeni, basi.
Ila namna ya kufunga, hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nakumbuka bomba la Cimpunda.
Walilifunga usiku bila kumwambia mtu.
Saa kumi alfajiri bidoni zilikuwa zimepangwa,
za manjano, za bluu, moja yangu ina ufa,
na bomba kimya.
Kimya si hapana.
Kimya huenda ni subiri kidogo,
huenda ni presha, huenda ni zamu ya mtaa wa juu.
Chemchemi ilikuwepo bondeni, mwendo wa robo saa,
lakini nani aache foleni apoteze nafasi?
Tulisimama hadi jua likatuvuka.
Jioni akaja kijana na kibao: LIMEFUNGWA.
Neno moja tu. Lingetufaa asubuhi.

Oktoba ikafika, na mvua yake.
Nsimire, muuguzi wa usiku, alikuwa na simu mpya,
kivinjari kipya ndani yake.
Nikamwambia bonyeza.
Nilikuwa nimeshajiandaa kumsikia akisema,
«Iko nazunguka tu,»
kile kigurudumu kizunguke mpaka chaji iishe.

Hakikuzunguka.
Wale watu wa mbali hawakung'oa mlango.
Waliuacha palepale tulipozoea kubisha,
wakamweka nyuma yake mtu wa kujibu upesi:
hapana.
Na huku kwetu, mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
katikati ya fujo ya Mugaruka, majina kama a na b na bb,
palikuwa na sentensi iliyoikinga ile hapana
kama sahani chini ya paa linalovuja:
ukikataliwa, muulize mtaa.

Kisanduku kikafunguka. Uko mtaa gani?
Nsimire akaandika Nguba.
Famasi mbili, moja ina nyota.
Akasema, «Eeh, imebadilika kidogo,»
akaenda zake kubadilisha drip.

Nilimwandikia Mugaruka usiku uleule
kwamba mstari wake umefanya kazi.
Akajibu baada ya siku tatu:
«Mstari gani?»
Kisha picha ya betri, na bei.

Huwa nawaza kurasa nyingine,
za mafundi waliodhani jibu litakuwa ndiyo siku zote.
Hapana inawafikia, haina pa kutua.
Mahali fulani mtu ameshika simu
kama tulivyoshika bidoni.

Kadenasi siku hizi ni za bure.
Kipande cha boksi ninacho, kimelowa pembe moja,
neno la siri bado linasomeka.
Nitaweka kesho.
Nimekuwa nikisema kesho tangu Machi.